Mfuko wa Shati Mlangoni

Jumatatu, 4 Mei

Baba watoto,

Usinipigie tena simu. Nisamehe kwa kuanza hivyo kabla hata ya salamu, lakini juzi ulipokuwa unanisimulia habari za vitunguu vyako vilivyomo kwenye lori, mama mmoja wa nyumba za nyuma alikuwa ananitafuta, mtoto wake anachemka homa, akakuta simu inatumika, inatumika, inatumika. Mtoto ameshapata nafuu. Ila aibu niliyoisikia mimi, acha tu. Simu hii si yangu tena, ni ya Kamati. Namba yake imeandikwa kwa chaki kwenye kila ukuta kuanzia geti la shule mpaka kisimani. Kwa hiyo tuandikiane. Madereva wa magari ya dawa wanaruhusiwa kupita hapo mpakani ulipokwama, na wamekubali kubeba bahasha. Kwani si kwa barua tulianza, ulipokuwa hujui hata mlango wa kwetu unatazama wapi?

Haya, salamu sasa. Hatujambo. Wanao wanakula kama nzige na wanagombania blanketi moja wakati yapo manne.

Umeniuliza hiyo Kamati ya Wazazi imechaguliwa na nani. Hakuna aliyetuchagua. Siku shule zilipofungwa tulikuwa wazazi wachache tumesimama getini tunasoma tangazo, kila mmoja anamuuliza mwenzake, "Sasa tunafanyaje?" Yule Kinyozi wa kona akasema, "Kama wote tunauliza swali moja, basi tukae tulijibu pamoja." Ndiyo hivyo. Yeye amepewa wanaume, maana anasema mwanamume ukimshika kichwa huwa anasema yote, na sasa vinyozi wamefungiwa anawashauri hivyo hivyo bila mkasi. Ameshatuliza nyumba mbili ambako baba alikuwa anamalizia hasira za kukosa kazi kwa mkewe. Mimi wamenipa uenyekiti kwa sababu nilikuwa na vitambaa.

Unayakumbuka mashati ya sare niliyoshonea muhula mpya? Yamebaki kabatini, nani atanunua shati la shule isiyofunguliwa? Nikachukua mkasi. Nililia kidogo, sikufichi. Nimekata upande wa mbele, ule wenye mfuko, kila nyumba ikapewa mmoja iutundike mlangoni. Ukiishiwa kitu, unaweka alama yake mfukoni: kipande cha mkaa, karatasi ya sabuni, punje ya haragwe, ganda la vidonge. Asubuhi tunapita tunapapasa mifuko. Mfuko ukiwa mtupu, nyumba haikosi kitu, tunaendelea na safari. Hakuna kugonga hodi wala kumsimamisha mtu ajieleze jirani akisikia. Mtaa huu una watu ambao wangekufa na njaa kuliko kutamka "sina". Mmoja wao ni mama yako.

Na huyo mama yako amekataa kuhamia kwangu. Yuko nyumbani kwake hapo ng'ambo ya barabara, na kile kifua chake. Wazee hatuwaingilii ndani, tunasema nao dirishani. Jana ameniambia barakoa niliyomshonea inambana masikio, "kama kila kitu chako." Miaka yote hii mimi ni mkwe wake na hajawahi kuvaa nguo yangu bila kuitia kasoro.

Andika haraka. Nikikaa bila habari zako nakata vitambaa vibaya.

Mkeo,
Fundi (siku hizi Mwenyekiti)


Jumanne, 12 Mei

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Nimesikia, sipigi. Hata ningetaka, mtandao hapa ni wa kuotea juu ya paa la lori, na wa kuchaji simu wako kwenye foleni kama sisi.

Hali ya hapa ni kukaa. Magari yamepangana mkia kwa kichwa mpaka macho hayafiki. Tunapika chini ya trela na tunanyoa ndevu kwenye vioo vya pembeni. Vitunguu vyangu vimeanza kuota majani. Nikikaa mwezi mwingine nitakuwa mkulima mwenye shamba la magurudumu. Maafisa wa afya wanakuja na ule ujiti wao wa puani, wanachokonoa kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia. Majibu yanachelewa mpaka yanaisha nguvu, basi wanachokonoa upya. Jirani yangu wa nyuma ni dereva wa makamo tunamwita Breki, kwa sababu hana haraka ya chochote. Tunagawana jiko na maji.

Mke wangu, mimi kinachoninyima usingizi ni kifua cha mama. Huku tunasikia namna wazee wanavyoondoka. Wewe una mtaa mzima mikononi, najua, lakini nikirudi nimkute. Sikuombi kingine chochote.

Nikuambie na jambo jingine, ila usinipigie kelele. Kuna njia ya vichakani. Wenzetu wawili wamepita, wameacha magari kwa wenzao. Nimewaza na mimi nije, nimwone mama dirishani tu, sitaingia, halafu nigeuze. Breki anasema nina wazimu. Wewe unasemaje?

Nimevaa lile shati la bluu mpaka limesimama lenyewe. Maji ya kufulia ni ya kununua.

Dereva wako


Jumanne, 19 Mei

Wewe,

Thubutu!

Nakupigia kelele, wala sikuombi msamaha. Wiki iliyopita kaka wa jirani yetu amerudi kwa njia hiyo hiyo yako ya vichakani. Ni mimi niliyesimama mlangoni kwa dada yake nikamwambia, usimfungulie, ana siku zake za kukaa peke yake kwenye darasa la shule, tutamletea chakula. Dada mtu alinitazama kwa macho ambayo mpaka leo nayaona nikifumba yangu. Amelala darasani, amelalia madawati. Sasa leo nimfungulie wa kwangu? Ukitokea hapa, wallahi, nitakupeleka darasani mimi mwenyewe, na ufunguo nitaning'iniza shingoni. Baki hapo. Kaa na vitunguu vyako.

Mama yako namtunza. Kifua ni kile kile, anakohoa asubuhi, jua likipanda anatulia. Dawa zake nampelekea kabla ganda halijaingia mfukoni. Lakini ameanza visa.

Siku moja Kinyozi amepapasa mfuko wake akatoa kifungo. Kifungo cha shati! Akaniletea mkononi, "Mwenyekiti, bibi kaishiwa vifungo." Nikasema haya, labda nguo imemharibikia. Nikampelekea kopo zima, vifungo vya kila rangi, nikakirudisha kile chake mfukoni kilipokuwa. Kesho yake, kifungo ni kile kile. Nikapeleka sindano na uzi. Kesho yake, kile kile. Ndipo nikaelewa: ananisema. Fundi gani huyu, anagawia mtaa mzima vitambaa na nguo zake zinapukutika vifungo! Tena kwa kunipitisha kwenye mikono ya Kamati, ili wote waone. Nimesimama dirishani nikamuuliza, "Mama, ni nguo gani niliyoshona mimi imetoka kifungo? Nitajie moja." Akavuta pazia.

Nimechoka, baba watoto. Kutwa nawapatanisha watu na wake zao na watoto wao na kuta zao, na wangu mmoja ananishinda. Mwambie kitu. Wewe atakusikia.

Fundi


Jumatano, 27 Mei

Mke wangu mpenzi,

Usishtuke na mwandiko. Mkono wangu wa kulia umebanwa na mlango wa gari, umevimba, kwa hiyo Breki ananiandikia ninayomwambia. Si jambo kubwa.

Hicho kifungo, ni cha kahawia? Kina matundu manne, na ukingo mmoja umemeguka? Kama ndicho, ni changu.

Asubuhi ile naondoka nilipita kwa mama kumuaga. Akaona kifungo cha tumboni cha hili shati la bluu kinaning'inia kwa uzi mmoja. Unamjua. Akasema vua, mwanangu hatoki kwangu kama yatima. Akakikata ili akishone upya, akawa anahangaika kutunga uzi, na mimi nje napigiwa honi, msafara unaondoka. Nikavaa shati langu kama lilivyo, nikamwambia, "Kiweke, nikirudi utanishonea." Nilimwacha ameshika sindano. Nilidhani naenda siku nne.

Hakusemi, Fundi. Mmewaambia watu waweke mfukoni alama ya wanachokikosa. Ameweka. Na ninyi mkampelekea kopo la vifungo.

Mwambie nipo. Habari za mkono usimwambie, ataukuza. Na ile njia ya vichakani nimeiacha, wala usinisifu, ni mwili tu umechoka.

Dereva wako


Jumatano, 3 Juni

Baba watoto,

Nilisoma barua yako nimesimama kwenye meza ya kukatia, nikakaa juu ya meza na mikasi yake. Siku zote zile nilikishika kile kifungo kwa vidole hivi, na sikuona kitu isipokuwa mimi mwenyewe. Fundi wa nguo akiona kifungo anafikiria nguo, ndiyo akili yangu ilipoishia. Nilivuka barabara mbio na uzi umening'inia shingoni.

Nikasimama dirishani nikamwambia, "Mama, tumeelewa." Akasema, "Mmechukua muda." Nikamwomba radhi kwa maneno ya siku ile, akasema hakuyasikia, ana masikio mabovu kwa kubanwa na barakoa. Nikacheka, yeye hakucheka. Akaniuliza, "Mwanangu anaumwa?"

Sasa na mimi nakuuliza wewe. Mkono wa kulia? Tangu lini wewe unaandika kwa kulia? Mimi ndiye ninayekaa kushoto kwako kwenye kila benchi la harusi kwa sababu kiwiko chako cha kushoto kinamwaga vikombe vya watu. Kama wa kulia ndio umebanwa, wa kushoto una nini? Na wewe lini umewahi kuchoka hata ukaacha wazo bila mtu kukushika miguu? Na "mke wangu mpenzi" imetoka wapi? Hujawahi kuniita hivyo, hata siku ya posa.

Unajua nilimjibu nini mama? Nilimwambia, "Haumwi." Mimi! Mimi niliyeandika kwa mkono wangu kwenye ukuta wa shule, kwa herufi kubwa, MFICHA MARADHI KIFO HUMUUMBUA, na kila asubuhi napita nyumba hadi nyumba nawasomea wazazi wenzangu: semeni mapema, msione haya, hakuna atakayewacheka. Nimetazama macho ya mzee wa watu nikamdanganya kweupe. Tangu hapo nikipita pale ukutani nageuza uso.

Niambieni ukweli. Wewe au Breki, yeyote mwenye kalamu.

Mkeo


Jumatatu, 8 Juni

Shemeji,

Mimi ndiye Breki. Uongo wa mkono niliutunga mimi, na kama ulivyoona, kwenye uongo sina ujuzi. "Mpenzi" pia ilikuwa yangu, nilidhani ndivyo watu wanavyowaandikia wake zao.

Mume wako anaumwa, shemeji. Alianza kukohoa siku chache baada ya kukuandikia kwa mkono wake. Alisema ni moshi wa jiko. Majibu yalipotoka walikuja na mavazi yao wakamchukua mpaka kwenye hema, lile la maturubai upande wa juu wa maegesho. Amewekewa mtungi wa hewa. Barua ile ya kifungo alinitamkia akiwa upande wa pili wa kamba, neno moja, anapumzika, neno jingine. Aliniapisha nisikuambie, kwa sababu wewe utamwambia mama, na mama ana kifua. Nimevunja kiapo. Ulipouliza mkono wa kushoto una nini, nilishindwa kukujibu uongo mwingine.

Siruhusiwi kuingia, nami sina mavazi yao. Kila jioni nasimama kwenye kamba namsomea barua zako kwa sauti, na kwa kuwa mitungi inapiga kelele inabidi nipaze. Hivi nikuambiavyo maegesho yote yanamjua mama mkwe wako. Kuna madereva wanaoniuliza asubuhi, "Bibi amesemaje?" Juzi nilisoma ile ya mkono wa kushoto, sikumwona kutikisika. Jana nikairudia. Aliinua kidole kimoja. Cha mkono wa kushoto.

Shati la bluu amekataa wasimvue. Wamemwacha nalo.

Nisamehe, shemeji. Andika, mimi nitasoma.

Breki


Jumapili, 14 Juni

Breki, ndugu yangu, asante. Hii msomee yote, na usipunguze sauti.

Baba watoto,

Nimemwambia mama. Umesikia? Nimemwambia. Sikuzunguka. Nilisimama dirishani nikasema, "Mama, juzi nilikudanganya. Anaumwa, yuko kwenye hema, anapumulia mtungi." Nikashika nondo za dirisha nikisubiri aanguke. Hakuanguka. Alisema, "Nilijua. Angekuwa mzima angekwishapita vichakani." Habari za vichakani mimi sikumwambia. Nadhani kajua kwa kuwa amekuzaa tu.

Kisha akaniambia niende nikapike, wajukuu zake wana njaa. Ndivyo alivyonifukuza.

Kesho yake nilichelewa kuamka. Kinyozi alikuwa ameshaanza kupita. Unajua mlangoni kwangu na mimi nimetundika mfuko, kwa mfano tu, Mwenyekiti lazima awe nao. Tangu tuanze haujawahi kuwekwa kitu. Kinyozi anaupapasa kwa mazoea huku anatazama pengine. Nikamsikia amesimama. Nikafungua mlango, nikamkuta ameshika kifungo cha kahawia, ukingo umemeguka, ananiuliza kwa heshima zote, "Mwenyekiti, hiki tukakitafute wapi?"

Amevuka barabara, yule mama. Na kifua kile, ile asubuhi ya baridi, na barakoa inayombana. Amekitoa kwake akakileta kwangu. Nilitazama ng'ambo, yuko dirishani, ananitazama bila haya. Akapaza sauti mtaa wote usikie, "Mbona mfuko wako ulikuwa mtupu siku zote hizi? Ulikuwa unamdanganya nani?"

Basi nikakaa kizingitini nikalia. Sikulia kama mwenyekiti, nililia kwa mdomo wazi kama mtoto aliyeachwa sokoni. Watu walitoka wakasimama mbalimbali, kila mtu kwenye mlango wake. Yule dada, yule niliyemkataza asimfungulie kaka yake, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuniletea sufuria ya chakula. Aliiweka chini, akarudi nyuma hatua zake, akasema, "Kaka yangu alitoka darasani mzima. Na wako atatoka." Nimekula kile chakula chote.

Kinyozi amechukua simu, amesema nisiiguse mpaka nilale. Mama Pacha, jirani yetu, amewachukua wanao uwani kwake, wanasoma kwa kupiga kelele. Kamati imenishauri mimi, mume wangu, na nimeshaurika.

Na mama tumepatana. Kifungo kinalala kwake siku moja, kwangu siku moja. Ukirudi, atakishona yeye. Mimi nitamtungia uzi tu, maana tundu la sindano halioni, ndiyo siri yake na amenikataza kuisema, basi Breki hapo shusha sauti.

Pumua. Sina ushauri mwingine. Pumua, na ukichoka pumzika, halafu upumue tena. Ukipata nguvu ya kushika simu, nimefuta nililokuambia mwanzoni. Piga. Hata usiposema kitu, nitajua ni wewe. Piga tu.

Mkeo,
ambaye hana cheo leo


Alhamisi, 2 Julai

Fundi,

Huu ni mkono wa kushoto. Mistari inapanda na kushuka, nivumilie, nao unajifunza upya.

Wameniondolea mtungi. Nimehamishiwa kibanda cha kusubiri, nikimaliza hapa nitakwenda kulalia madawati yako kama watu wengine, ufunguo ning'iniza shingoni. Vitunguu vimeoza vyote. Breki amekonda kuliko mimi kwa kusoma. Barua ya mwisho aliisoma mara nyingi sana, na pale pa siri ya sindano hakushusha sauti hata kidogo.

Jana nilipanda juu ya paa la lori, walinisukuma madereva watatu, nikapata mtandao. Nikapiga. Ikawa inatumika. Nikangoja, nikapiga tena, inatumika. Nikapiga mpaka chaji ikaisha, inatumika. Sikukasirika, mke wangu. Nilijua kuna mtoto wa mtu.

Mwambie mama shati ninalo. Kifungo msikitoe mfukoni, nakuja kukitoa mwenyewe.

Dereva wako